Fundi wa Mwanga Usiochoma Macho

Taarifa ya msiba ilinifikia asubuhi nikiwa uani kwangu hapa Bulyaga, mjini Tukuyu, nikikwangua tope kwenye viatu kabla ya kwenda kazini. Jirani yangu, ambaye ni muuguzi, alisimama langoni bila kupiga hodi, nami nikajua kuna jambo, maana mtu wa huku hasimami langoni kimya akiwa na habari njema. "Mwalimu wetu wa umeme ametutoka alfajiri," akasema. "Moyo umegoma. Walikuwa wanajiandaa kumruhusu atoke hospitali Mbeya, arudi nyumbani." Nilimshukuru, nikabaki nimeshika kiatu kimoja mkononi. Ndani ya nyumba alikuwamo mama yangu, na ndiye aliyepaswa kuambiwa kabla habari hazijamfikia kwa njia ya majirani. Nilipomweleza, hakulia mara moja. Aliuliza kama marehemu alikuwa na mtu pembeni yake wakati anaondoka. Nikamwambia binti yake alikuwapo. "Basi," akasema, akajifunika uso kwa khanga.

Wasomaji wa safu hii wanaoishi mbali na Tukuyu hawakumjua, na wengi wanaoishi hapa walimjua kwa sura tu: mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye buti za mpira na mkoba wa turubai begani, akipanda na kushuka vilima vyetu kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Alizaliwa Singida. Serikali ilimleta huku akiwa bado msichana, kufundisha ufundi wa umeme chuoni, na kama ilivyowatokea watumishi wengi wanaopangiwa wilaya yetu ya Rungwe, alinung'unika kuhusu baridi na mvua mwaka wa kwanza, kisha mwaka wa pili akaolewa. Mume alikuwa mtu wa Nkunga, mkulima wa chai na ndizi. Alifariki mapema, na ndugu wa Singida walipokuja kumchukua dada yao arudi kwao, aliwapikia, akawalaza, akawasindikiza stendi. Yeye akabaki. Kinyakyusa alikizungumza vizuri ila kwa lafudhi ya kwao, kiasi kwamba akisalimu "Ugonile" vikongwe wa Nkunga walicheka kabla ya kuitikia. Naye alicheka pamoja nao.

Alipostaafu ualimu ndipo alipoanza kazi ambayo leo inanifanya nimwandike. Zama zetu zimebadilika upesi. Mimi nimesoma kwa mwanga wa koroboi, na nakumbuka jioni ambayo baba alileta taa ya chemli tukadhani tumefika mwisho wa dunia. Leo, kwenye nyumba zile zile zilizozungukwa na migomba, unakuta taa inayowashwa kwa rimoti, inayopunguzwa na kuongezwa mwanga kama mtu anavyopunguza sauti ya redio. Vifaa hivyo, ambavyo mafundi huviita dima, vinaletwa na watoto wetu walioko Dar es Salaam na Mbeya, vikiwa kwenye maboksi mazuri yenye maandishi madogo. Watu wengi huvichukulia kama mapambo ya sebuleni. Mwalimu aliviona kwa jicho jingine. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake mpaka mwisho, na katika kuuguza huko aligundua kwamba mzee anayeogopa giza na mtu anayeumizwa na mwanga mkali wanaweza kuwa mtu mmoja.

Mtu wa namna hiyo alikuwamo nyumbani kwangu. Mama alikuwa ameugua macho kwa muda mrefu, na nilipomhamisha kutoka shambani kwake Nkunga kuja kuishi nasi Bulyaga, nilimpa chumba kizuri chenye taa nyeupe ndefu ya dari. Ile taa ilimtesa. Alisema ni kama mtu anamwagia pilipili. Kwa hiyo jioni, sisi tukiwa sebuleni na mwanga wetu, yeye aliketi chumbani gizani, na tukiingia kumwashia alifunika macho kwa kiganja akisema, "Zimeni, wanangu, mimi nimezoea." Siku moja wakati wa maghribi alinyanyuka kutafuta fimbo yake, akagonga meza, chupa ya chai ikaanguka na kumwagika mguuni. Kidonda kilichukua muda kupona, lakini kilichonitisha zaidi ni maneno aliyoniambia nikimfunga bandeji. "Nirudishe Nkunga," alisema. "Kule nalijua giza langu. Huku nimekuwa mtu wa kuwashiwa taa na kuzimiwa taa."

Mdogo wangu aliyeko Dar aliposikia, kwa upendo wake wote, alituma haraka swichi ya kisasa kabisa, ya kuamrishwa kwa simu au hata kwa sauti. Nilimwita Mwalimu aje aifunge. Alikuja mchana, akavua buti mlangoni, na badala ya kuomba ngazi aliomba kiti. Alikaa karibu na mama wakazungumza kwa muda mrefu: habari za Nkunga, nani kaolewa, chai ya mwaka huu, kidonda cha mguu. Mke wangu alinong'ona kwamba pengine fundi amesahau kilichomleta. Hakuwa amesahau. Baadaye alisimama, akashusha mapazia mazito, akatoa kwenye mkoba kipande cha ubao alichofungia soketi ya balbu na dima, akaanza kujaribu balbu moja baada ya nyingine.

"Mama, niambie inapoanza kukuuma."

"Hapo, mwanangu. Hapo inachoma."

"Na hapa?"

"Haichomi, ila inatetemeka."

Sisi tuliokuwa na macho mazima hatukuona mtetemo wowote. Mwalimu hakubishana. Alichukua simu yake, akaielekeza kamera kwenye balbu, akatuita tuangalie: kwenye kioo mistari myeusi ilikuwa ikipita juu ya mwanga kama mawimbi. "Anasema kweli," alisema. "Balbu hii haikutengenezwa kupunguzwa mwanga, na dima hii haikutengenezwa kwa balbu ndogo namna hii. Balbu na dima ni mke na mume. Kila mmoja anaweza kuwa mtu mwema, na bado wasielewane ndani ya nyumba." Akabadilisha vyote viwili, mpaka mama akasema, "Hapo. Hapo pananipendeza." Ulikuwa mwanga wa rangi ya asali, hafifu, lakini kutoka kitandani aliweza kuiona meza, fimbo, mlango na uso wangu.

Ile swichi ya mdogo wangu aliirudisha kwenye boksi lake kwa adabu, kama mtu anavyofunika chakula cha mgeni ambaye hakufika. Mdogo wangu alipiga simu wakati huo huo kuuliza kazi inaendeleaje, nikampa Mwalimu simu. "Baba, umeleta kitu kizuri sana," alimwambia, kwa sauti ya juu ili mama naye asikie. "Lakini hiki kinataka intaneti, na huku mvua ikipiga intaneti inaondoka. Kinataka simu ya kisasa, na mama hana haja nayo. Tena hakisikii Kinyakyusa." Nilimsikia mdogo wangu akicheka upande wa pili. Akamuuliza afanye nini basi. "Mnunulie mama rimoti yenye vitufe vikubwa, inayosema na swichi yenyewe moja kwa moja. Viwe vitufe vichache: kuwasha, kuzima, ongeza, punguza. Avijue kwa kidole, asivitafute kwa jicho." Siku zile zile mdogo wangu aliituma.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Alituuliza: umeme ukikatika na kurudi, taa ya mama irudi kwa mwanga gani? Huku kwetu umeme kukatika si habari. Akaeleza kwamba dima nyingine, umeme ukirudi, huwasha taa kwa nguvu zake zote, na mgonjwa wa macho aliyelala anaamshwa kwa pilipili ile ile. Akachagua aina inayokumbuka kiwango cha mwisho. Swichi ya ukutani nayo hakuiondoa. Alihakikisha inaendelea kufanya kazi, kwa sababu, alisema, rimoti itapotea siku moja, na siku hiyo isiwe msiba. Mama aliishonea rimoti yake kifuko cha kitenge chenye kamba, akaivaa shingoni. Jioni ya kwanza aliyotumia, alitoka chumbani peke yake, akaja sebuleni, akaketi nasi. Aliuliza chakula ni nini. Suala la kurudi Nkunga halikutajwa tena.

Nisimchore marehemu kama malaika. Alikuwa mgumu. Alikataa katakata kufunga dima hata moja kabla ya kukagua waya za nyumba nzima, na kwetu alipata nyumba isiyo na waya wa kupeleka umeme ardhini, hivyo alituchimbia ukumbi uliokuwa umesakafiwa vizuri, mke wangu akitazama kwa uchungu. Alizamisha fimbo ya shaba ardhini, akafunga kwenye meni swichi kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla, akatenga laini ya chumba cha mama kwa breka yake yenyewe. Boksi la ukutani aliliziba kwa gundi pembezoni kwa sababu ukungu wa Tukuyu unaingia kokote, na sisimizi wanapenda joto la dima kuliko sisi tunavyopenda moto wa jikoni. Ukimkatiza akieleza, au ukichezea simu akiwa anaongea, alinyamaza na kukutazama mpaka uweke simu mfukoni. Wapo waliomwona ana maringo ya ualimu. Nadhani aliogopa kitu kimoja tu, kazi yake kumdhuru mtu, na kitu hicho kilikuja kumtokea.

Kanisa moja hapa mjini lilimwomba afunge taa za kupunguzwa mwanga ukumbini, maana watoto wa shule ya Jumapili huigiza kuzaliwa kwa Bwana kila mwaka, na wazee walitaka usiku wa Bethlehemu ufanane na usiku. Alifunga taa zote za ukumbi. Alifanya kazi hiyo wakati wa masika, akapima kwa kipimo chake jinsi ardhi inavyopokea umeme, ikaonekana safi. Kiangazi kikapita. Mvua za kwanza zilipokuja, zilikuja na radi, na alasiri moja radi ilipiga jirani na kanisa. Umeme uliingia kwenye nyaya, ukachoma dima zote na taa zake, na moshi ukajaa ukumbini ambamo akina mama wa kwaya walikuwa wakifanya mazoezi. Walitoka mbio. Mmoja aliteguka mguu ngazini. Ukuta wa nyuma ya madhabahu ulibaki na alama nyeusi zilizoonekana kutoka mlangoni.

Kabla maneno hayajaanza kuzunguka mjini, Mwalimu alikuwa mlangoni kwetu, amelowa mpaka mabegani. Hakuja kujitetea. "Naomba nipime ardhi yenu," alisema. Alipima, akakunja uso, akapima tena. Kisha akaniambia bila kuzunguka: "Siku nilipofunga, ilikuwa nzuri. Leo ni mbovu. Radi imechagua kanisa, ila ingeweza kuchagua chumba cha mama." Udongo wetu huu wa volkano, alieleza, unachuja maji haraka. Masika ukipima fimbo ya shaba iko kwenye matope. Kiangazi kikikomaa fimbo ile ile inasimama kwenye vumbi, mvua za kwanza hazijafika chini, na umeme wa radi ukija haupati njia ya kushukia. Yeye alikuwa amepima wakati ardhi imelowa, akaamini. "Nimefundisha jambo hili ubaoni miaka na miaka," alisema, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameketi mahali bila kuomba kiti. Mama, aliyekuwa akisikiliza kutoka chumbani, alitoka, akamletea taulo na kikombe cha chai, akakaa kando yake.

Jumapili iliyofuata nilikuwapo kanisani. Wakati wa matangazo Mwalimu aliomba nafasi. Alisimama mbele ya ule ukuta mweusi, mikono ameifumbata, akasema kazi iliyoungua ni yake, kwamba alipima majira yasiyofaa, na kwamba mama aliyeumia ameumia kwa sababu hiyo. Mzee wa kanisa, mtu mwenye huruma, aliinuka upesi kumwokoa. "Mwalimu, usijitese," alisema. "Radi ni kazi ya Mungu." Watu wakaitikia kwa kichwa. Mwalimu angeweza kukaa pale pale, na hakuna ambaye angemlaumu tena. Lakini alibaki amesimama. "Radi ni ya Mungu, mzee wangu," alijibu. "Waya ni wangu."

Halafu yule mama wa kwaya, mguu umefungwa bandeji, akasema kutoka benchi la pembeni, "Sasa unahitaji nini, dada?" Mwalimu akasema anahitaji watu wenye majembe. Wakapatikana zaidi ya mahitaji. Walichimba mtaro kushuka bondeni mpaka kwenye migomba ya kanisa, mahali ambapo maji ya jikoni humwagwa na udongo haukauki hata mwezi wa tisa, na huko akazamisha fimbo ndefu zaidi na kuziunganisha kwa shaba. Akaweka vifaa vya kinga vilivyo imara kuliko vya kwanza, huku akiwaambia wazi kwamba hakuna kifaa kinachozuia radi ikipiga paa lenyewe, hivyo wakisikia ngurumo wazime meni swichi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini si kila mhunzi hutengeneza koleo jipya kwa akili mpya. Safari hii hakurudisha dima ukumbini kote. Aliweka mbele tu, pale watoto wanapoigizia, na kwingine akafunga swichi za kawaida. Mzee mmoja alipouliza mbona zimepungua, alimjibu kwamba kitu usichokihitaji ni kitu cha kuungua bure. Mwaka ule taa za mbele zilipofifia taratibu na kitoto kilichoigiza Yusufu kikaingia na fimbo yake, ukumbi mzima uliguna kwa raha, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama kando ya swichi, alitazama sakafu.

Tangu hapo alijiwekea desturi ambayo sijaona kwa fundi mwingine. Kila kiangazi kikikaribia kuisha, ardhi ikiwa kavu kuliko siku zote, alizunguka kwa miguu kwenye kila nyumba aliyowahi kufunga kitu: Bulyaga, Makandana, mpaka Nkunga kwa wakwe zake. Alipima. Alifungua maboksi ya ukutani, akafuta ukungu, akabana skrubu zilizolegea, akabadilisha betri za rimoti za wazee hata kama hazijaisha. Wengine walimkaribisha, wengine walimshangaa, na mwenye nyumba mmoja alimwambia kwamba hakumwita. "Najua," alimjibu. "Nimekuja kuangalia kazi yangu. Wewe nitakusalimu tu." Kwetu ziara ile ilikuwa sikukuu ya mama. Walimaliza kupima upesi, kisha wakakaa na ndizi za kuchemsha na maziwa ya mgando, wakizungumza Kinyakyusa chao, kile cha Nkunga na kile cha Singida.

Tulimzika Nkunga, kando ya mume wake, kama alivyokuwa amewaeleza ndugu zake mapema ili pasiwe na mvutano. Jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi, nikamsihi mama abaki nyumbani kwa ajili ya macho. Alikuwa ameshavaa. Alifunika uso kwa khanga, akashika mkono wangu, akateremka mteremko wote wa migomba kwa kusikiliza nyayo za watu. Wanafunzi wake wa zamani walijaa, wanaume na wanawake, baadhi wametoka mbali. Mzee wa kanisa alizungumza, na sikutarajia angechagua alichokichagua. Msimamizi alikuwa amesoma wasifu mzuri wa masomo na utumishi. Yeye akasimulia habari ya moto. Alieleza wazi jinsi dima zilivyoungua, ukuta ulivyokuwa mweusi, na jinsi yeye mwenyewe alivyompa marehemu mlango wa kutokea, marehemu akakataa kupita. "Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu," alisema. "Nimesikia watu wengi wakimshukuru Mungu kwa yaliyofaulu. Huyu ndiye niliyemsikia akimwachia Mungu yaliyo ya Mungu, akachukua yaliyo yake." Zamu ya mama ya kutupa udongo ilipofika, aliinama, akamshukuru kwa Kinyakyusa kwa sauti iliyosikika, "Ndaga fijo, mwanangu." Binti wa marehemu ndipo alipolia.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na huyu alikuja mgeni, akatuponya kwa njia ambayo haina jina kubwa. Nimekuwa nikiwaza tangu tulipotoka makaburini. Tunaishi wakati ambao vitu vipya vinaingia majumbani kila siku, na sisi huvipokea kwa kuuliza kama ni vya kisasa. Mara chache tunauliza vitakaa mikononi mwa nani, na vitafanya nini umeme ukirudi ghafla, mvua ikinyesha, mwenye nyumba akizeeka. Hata kazi zetu nyingine, za kalamu, za sindano, za ofisini, tunazipima siku ile ile tunapozimaliza, wakati kila kitu kimelowa na kila mtu anapiga makofi, kisha tunaondoka na hatupiti tena njia ile. Makosa sote tunayo, naye alikuwa nayo. Alichotuzidi ni kwamba aliweza kugonga mlango wa mtu ambaye hakumwita, mwezi ambao ardhi ni kavu, akiwa tayari kuambiwa kwamba kazi yake haikusimama. Kwa hiyo mkimtafuta fundi, au mwalimu, au daktari, au kiongozi, msiishie kumuuliza anajua nini. Muulizeni ni lini mara ya mwisho alirudi kuangalia kazi aliyokwisha kushukuriwa.